Mpaka Rais Apende

Mwizi wa ng'ombe akifungwa miaka saba, mama yake anaweza kuhesabu. Anajua ni mwaka gani atamtandikia kitanda. Mtu aliyeua akiwa na wazimu hana hesabu ya namna hiyo. Tangu enzi za mkoloni, sheria ya Kenya imemwambia tu kwamba atazuiliwa mpaka mkubwa wa nchi apende vingine. Mkubwa huyo alikuwa Gavana, na baada ya uhuru akawa Rais. Mawakili wana jina lao la Kiingereza kwa kifungo hiki. Mimi nitakiita kifungo cha apendavyo Rais, kwa sababu ndivyo maneno yenyewe yanavyosema. Kupenda ndiko kunakofungua mlango.

Nitakitazama kutoka Kibwezi. Si kwamba Kibwezi ina wagonjwa wengi kuliko Busia au Garissa, la. Ni kwamba ukikaa pale kwenye barabara ya Mombasa, kilomita kama 200 kutoka Nairobi, unaona vizuri safari ambayo sheria hii inamtuma mtu. Kila kitu kinachohusu akili na korti hupanda gari kuelekea magharibi, na kurudi kwake ni shida.

Tuseme kuna kijana Kibwezi, tumwite Mutua. Jina ni la kusemea tu, Mutua ni wengi Ukambani. Amekuwa akisikia sauti kwa miaka miwili. Nyumbani wamempeleka kwa mundu mue, wamempeleka kwa pasta akaombewa usiku kucha, wamempeleka hospitali mara moja akapewa tembe, zikaisha. Siku moja, msimu wa kuvuna ndengu, anamkata jirani kwa panga. Hakimbii. Polisi wanamkuta ameketi karibu na maiti anazungumza na watu wasioonekana.

Sasa sheria inaanza kazi. Kituo cha polisi, korti ya Makindu, rumande. Kwa kuwa ni mauaji, kesi itasikizwa na Mahakama Kuu. Siku hizi iko Wote, Makueni. Zamani ilikuwa lazima Machakos. Kabla hajaulizwa kama anakubali shtaka au anakana, daktari wa akili lazima ampime, na mara nyingi safari hiyo huishia Mathari, Nairobi. Swali analoulizwa daktari hapo ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Haulizwi kama Mutua alikuwa na wazimu siku ile ya panga. Anaulizwa kama leo anaweza kuelewa kesi: jaji ni nani, shtaka ni lipi, wakili wake anasema nini. Kama hawezi, kesi inasimama chini ya kifungu cha 162 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, ile wanayoita Sura ya 75. Kwa kosa dogo, mtu kama huyo anaweza kuachiliwa kwa dhamana iwapo kuna wa kumtunza. Kwa mauaji, anabaki ndani, na faili inatumwa kwa wakubwa.

Akipata nafuu, kesi inaendelea, na hapo ndipo linakuja swali la pili, lile la siku ya panga. Kanuni za Adhabu zinasema katika kifungu cha 11 kwamba kila mtu anachukuliwa kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 12 kinatoa kipimo: kama ugonjwa uliogusa akili yake ulimfanya asielewe anachokitenda, au asijue kwamba hapaswi kukitenda, basi hawajibiki. Kipimo hiki ni kigumu. Mtu anaweza kusikia sauti usiku na mchana na bado korti ikasema alijua anaua na alijua kuua ni makosa. Mawakili wamebishana juu ya mistari hiyo michache kwa miaka mingi, na kesi zake zimejaa kwenye rafu za Mahakama ya Rufaa.

Mutua akifaulu kipimo hicho, kama kufaulu ndilo neno, kifungu cha 166 kinamngoja. Korti haisemi hana hatia. Inasema ana hatia ya kitendo, lakini alikuwa mwendawazimu alipokitenda. Kisha jaji, ambaye amesikiza mashahidi wote na kusoma ripoti za madaktari, anafunga daftari lake na kumwandikia Rais. Hapo jaji anamaliza kesi ya mauaji bila kusema kitakachomfika mshtakiwa.

Mambo haya hayakubuniwa Nairobi. Mwaka 1800, askari wa zamani aitwaye James Hadfield, aliyekuwa amekatwa kwa upanga kichwani vitani Ulaya, alimpiga risasi mfalme George wa Tatu katika ukumbi wa Drury Lane, London. Risasi ilimkosa. Hadfield aliamini kwamba akiuawa na serikali, Kristo atarudi. Baraza la wazee wa korti lilimwona mwendawazimu na kumwondolea hatia. Wakubwa wakashtuka: mtu aliyemlenga mfalme aende zake nyumbani? Bunge likapitisha sheria kwa haraka, kwamba mtu kama huyo atazuiliwa mpaka mfalme apende vingine. Hadfield alikufa ndani mwaka 1841. Alizuiliwa miaka 41 kwa sheria iliyoandikwa baada ya kosa lake, na iliyoandikwa hasa kwa ajili yake.

Miaka miwili baadaye, Daniel M'Naghten alimuua Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Robert Peel. Alidhani serikali inamfuatafuata. Naye alionekana mwendawazimu, watu wakakasirika, majaji wakaitwa bungeni waeleze kipimo chao. Majibu yao ya 1843 ndiyo msingi wa kifungu chetu cha 12. M'Naghten mwenyewe alikufa Broadmoor mwaka 1865.

Halafu kuna hasira ya malkia. Mwaka 1882 Roderick Maclean alimfyatulia Victoria bastola katika stesheni ya Windsor. Korti ikasema hana hatia kwa sababu ya wazimu. Victoria alikataa katakata. Iweje hana hatia na watu wote walimwona akifyatua? Mwaka uliofuata Bunge likabadilisha maneno ili yamridhishe: ana hatia, lakini ni mwendawazimu. Waingereza wenyewe waliyaacha maneno hayo mwaka 1964. Sisi tulibaki nayo. Nikifikiri kwamba mama mmoja Kibwezi ameambiwa mwanawe "ana hatia lakini ni mwendawazimu" kwa sababu Victoria alikasirika stesheni, nacheka kidogo, kisha siwezi kucheka.

Huku kwetu, sheria zilifika kupitia Bombay. Kwa jinai tulitumia sheria ya adhabu ya India mpaka 1930, ndipo Kenya ikapata kanuni zake. Kwa wagonjwa wa akili tulitumia sheria ya India ya 1858 kuhusu nyumba za wendawazimu, mpaka 1933. Yaani kwa miongo mitatu ya kwanza, Mkamba aliyechanganyikiwa Kibwezi alishughulikiwa kwa karatasi iliyoandikiwa Calcutta mwaka mmoja baada ya maasi ya Wahindi.

Na aliwekwa wapi? Mathari ilianza kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, kisha mwaka 1910 ikawa nyumba ya wendawazimu ya Nairobi. Jina la hospitali ilipewa 1924. Wodi zilitenganishwa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na huna haja ya kuambiwa ni zipi zilijaa. Inafaa kukumbuka kwamba dawa ya kizungu ilitaka kuanzia Kibwezi. Wamishonari wa Kiskoti walifungua kituo hapo mwaka 1891, kabla hata ya reli, chini ya Dokta James Stewart. Homa ikawatesa, na 1898 wakahamia Thogoto, penye baridi. Tangu hapo daktari yuko juu na mgonjwa yuko chini kwenye joto, na anayesafiri ni mgonjwa.

Lakini swali la nani ni mwendawazimu halikuwa la madaktari peke yao. Ukambani tunalijua hili vizuri. Mwaka 1911, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilibeba sehemu kubwa ya Makueni ya leo, vijana walianza kutetemeka, kuanguka na kupagawa, wengine wakimwona Mzungu tu au kofia yake. Walitokea viongozi, Siotune wa Kathuke na Kiamba, wakisema utawala wa Wazungu utakwisha. Maofisa waliliita jambo hilo kwa neno la kitabibu: mania. Waliandika ripoti kama za ugonjwa unaoambukiza. Walipofika kwenye tiba, hata hivyo, hawakumwita daktari. Waliwahamisha viongozi mbali na nchi yao. Mwaka 1922 akaja Ndonye wa Kauti na ujumbe wake kutoka kwa Mungu, kwamba zama mpya zinakuja. Naye akakamatwa na kupelekwa pwani.

Linganisha na Elijah Masinde wa Bungoma, mwanasoka wa zamani na kiongozi wa Dini ya Msambwa. Mwaka 1945 naye alisema Wazungu waondoke, na alikataa amri za chifu na za korti. Yeye hakuhamishwa. Alionekana kuwa na akili mbovu, akapelekwa Mathari, akakaa huko mpaka 1947. Alipotoka alirudia yaleyale, na mwaka 1948, baada ya damu kumwagika Malakisi, serikali ikaamua kwamba kumbe si mwendawazimu, ni mchochezi. Ikampeleka Lamu, akakaa zaidi ya miaka kumi. Akili ni zilezile na maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni chumba ambacho serikali ilikihitaji.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana Ukambani mwaka 1931. Wanaume 70 walishtakiwa kwa kumuua mwanamke waliyeamini ni mchawi, aliyedaiwa kumloga mke wa mmoja wao mpaka akashindwa kusema. Kwao hiyo ilikuwa king'ole, hukumu ya jamii, nao hawakuficha. Mwaka 1932 Mahakama ya Nairobi iliwahukumu kifo 60 kati yao, na baadaye hukumu hizo zikapunguzwa. Hakuna aliyesema hawa ni wagonjwa. Basi vijana wa 1911 waliotetemeka bila kumgusa mtu waliitwa wenye mania, na watu wa 1931 walioua kwa ajili ya uchawi walikuwa timamu wa kunyongwa. Sisemi kwamba korti ilipaswa kuwaita wendawazimu. Kuamini uchawi si ugonjwa, la sivyo nusu ya tarafa ingelazwa. Nasema kwamba mpaka kati ya mhalifu, mpinzani na mgonjwa ulichorwa na mtu aliyekuwa na kalamu, siku ile, kwa kazi ile.

Na daktari aliyekuwa akishika kalamu ya Mathari wakati wa Masinde alikuwa J. C. Carothers. Aliongoza hospitali hiyo kuanzia 1938 mpaka 1950, naye alipewa kazi akiwa daktari wa kawaida tu, hajasomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo aliilinganisha na akili ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Serikali ya Kenya ikamwomba tena aeleze saikolojia ya Mau Mau. Fikiria sasa ripoti ya daktari mwenye imani hiyo ikifika mezani kwa Gavana, ikieleza kama Mkamba fulani amepona. Apone arudi kuwa nini, ikiwa hata mzima wake ni nusu mgonjwa?

Uhuru ulipokuja, mahali palipoandikwa Gavana pakaandikwa Rais. Basi. Kifungu cha 166 kilibaki na mifupa yake yote. Rais anaweza kuamuru Mutua awekwe katika hospitali ya akili, au jela, au mahali pengine pa salama. Sheria inayataja yote matatu kwa pumzi moja, kana kwamba ni sawa. Msimamizi wa mahali hapo anatakiwa kuandika ripoti kuhusu hali ya Mutua baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ripoti inaenda kwa waziri, waziri anaipeleka kwa Rais, na Rais, akipenda, anaamuru aachiliwe. Hakuna mstari unaosema Rais azingatie nini. Hakuna mstari unaosema akikaa kimya miezi mingapi ndiyo amekataa. Mutua haitwi kusikizwa, wala wakili wake, wala mama yake.

Angalia jinsi sheria nyingine ilivyofanya. Sheria ya Afya ya Akili iliyopitishwa 1989, ikishika nafasi ya ile ya 1949, iliruhusu mtu mgonjwa alazwe bila hiari yake kwa muda usiozidi miezi sita, na muda huo ungeweza kuongezwa, lakini usipite miezi kumi na miwili kwa mfululizo. Huyu ni mgonjwa ambaye hajamuua mtu. Ndugu yake kitandani, mwenye ugonjwa uleule, dawa zilezile na daktari yuleyule, lakini aliyepitia korti, anaandikiwa ripoti ya kwanza baada ya miaka mitatu. Mmoja kalenda yake inasomwa na daktari. Mwingine kalenda yake iko Ikulu.

Pia kuna kifungu cha 167, ambacho watu hukisahau. Kinamhusu mtu asiye mwendawazimu lakini asiyeweza kufuata kesi, kwa mfano kiziwi asiyesema na asiyefundishwa lugha ya ishara. Naye aliingizwa katika apendavyo Rais. Korti haikupata mkalimani, kwa hiyo mtu akafungwa bila ukomo.

Faili hutembeaje? Tumfuate Mutua tena. Amepata nafuu mwaka wa pili. Sindano ya kila mwezi imenyamazisha sauti. Anafagia wodi, anawasaidia wauguzi, anauliza kama mvua imenyesha Kibwezi. Daktari anaandika kwamba hana dalili. Ripoti inatoka Mathari, inakaa wizarani, ofisa aliyekuwa nayo anahamishwa, inaombwa nakala nyingine, uchaguzi unakuja. Ni mwanasiasa gani anataka jina lake liwe chini ya karatasi inayomrudisha muuaji kijijini? Akimwachilia kumi wakae salama, hakuna atakayempongeza. Mmoja akirudia, magazeti yatamwandika wiki nzima. Hata Rais mwenye huruma ana kila sababu ya kuiacha faili ilale. Hapa ndipo ubaya wa mpango huu ulipo, na hauhitaji mtu mbaya ili ufanye kazi.

Kule nyumbani, mama Mutua anamtembelea mara mbili kwa mwaka, kisha mara moja. Nauli ya kwenda na kurudi Nairobi si mchezo kwa mtu anayeuza asali na ndengu kando ya barabara. Shamba linagawanywa bila yeye. Akina ndugu wanaoa. Jirani aliyeuawa ana watoto, nao wanakua wakijua ni nani. Hawa nao hawajaambiwa lolote na korti. Sheria iliwaahidi nini? Kwamba huyu mtu atakaa huko mpaka Rais apende.

Serikali haikushindwa tu kuwatoa watu. Ilishindwa hata kuwaweka vizuri. Ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya 2011 ilisema wazi jinsi afya ya akili ilivyotelekezwa nchini. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa mkupuo mmoja, na kwa siku mbili tatu nchi nzima ikawa inazungumza juu yao kama chui waliovunja zizi. Wachache waliuliza kwa nini walitaka kutoka.

Waingereza, ambao ndio walitupatia mzigo huu, walikuwa wamekwisha kuutua. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Winterwerp dhidi ya Uholanzi, iliweka vipimo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvikumbuka. Ugonjwa uthibitishwe na wataalamu. Uwe wa aina au kiwango kinachohitaji kufungiwa. Na kufungiwa kuendelee kwa muda ule tu ambao ugonjwa huo unaendelea. Kipimo cha tatu ndicho chenye meno, kwa sababu kinahusu kutoka. Mwaka 1981 mahakama hiyo iliiambia Uingereza kwamba mgonjwa aliyepitia kesi ya jinai lazima awe na chombo cha kimahakama kinachoweza kuamuru aachiliwe. Waziri asiwe na neno la mwisho. Sheria yao ya 1983 ikayapa mabaraza ya wagonjwa nguvu hiyo. Hapo sasa mfalme hana kupenda, na sisi bado tunamngojea Rais.

Kwetu mlango ulianza kusogea baada ya Katiba ya 2010. Mwaka 2016 jaji wa Mahakama Kuu Meru alikikataa kifungu cha 167, akisema kinabagua na kwamba kumfungia mtu bila ukomo apendavyo Rais ni ukatili. Mwaka 2017, katika kesi ya watu waliofungwa kwa makosa waliyoyafanya wakiwa watoto, Mahakama Kuu ilisema vivyo hivyo juu ya apendavyo Rais: kutoa adhabu ni kazi ya jaji. Halafu Aprili 2018, Kisumu, Jaji David Majanja akakigusa kifungu cha 166 chenyewe. Alisema mamlaka ya kuamua mtu azuiliwe vipi na kwa muda gani hayawezi kuwa ya Rais chini ya Katiba hii. Ni ya mahakama.

Nilipoisoma hukumu ile nilifurahi, sikatai. Lakini ukiitazama kutoka Kibwezi unaona kazi iliyobaki. Neno la jaji mmoja wa Mahakama Kuu halimfungi jaji mwenzake, na maneno ya kitabuni hayafutiki siku hukumu inaposomwa. Majaji wengine wamefuata njia ya Kisumu kwa kuagiza hospitali ilete ripoti kortini kila baada ya muda. Wengine wamempa mgonjwa miaka kamili, kama mfungwa yeyote. Hii ya pili inanitia wasiwasi. Naelewa kivutio chake, maana angalau mama anapata hesabu. Lakini mtu akipona mwaka wa pili na amepewa kumi na tano, miaka ile ya katikati anatumikia nini, ikiwa korti yenyewe imesema hawajibiki? Na akimaliza miaka bila kupona, anatolewa getini na mfuko wa plastiki akapande gari la Mombasa?

Swali gumu zaidi haliko kwenye kitabu cha sheria hata kidogo. Jaji akiwa tayari kumwachilia Mutua, atamwagiza ofisa wa probesheni aende nyumbani akaulize kama atapokewa. Mila ya Wakamba ilikuwa na jibu la swali hili kabla ya reli. Damu ililipwa na ukoo kwa ng'ombe, na ukoo ukilipa ulikuwa umekubali kumjibia mtu wake, awe alikusudia au hakukusudia. Sitaki kuipamba mila hiyo. Ndiyo ileile iliyokuwa na king'ole, na mtu mwenye nduuka angeweza kufungwa kamba kwenye mti miaka mingi bila faili wala ripoti. Ila ilijua kwamba kutoka kwa mtu ni jambo la watu wawili, anayetoka na anayempokea.

Huko Makueni taasisi ya utafiti wa afya ya akili ya Profesa David Ndetei iliwahi kuwakutanisha wauguzi, waganga wa kienyeji na wachungaji wazungumze pamoja nani ampeleke nani, na lini. Ni kazi isiyo na kelele. Kwa mtu kama Mutua ina maana kwamba mundu mue aliyempokea mwaka wa kwanza anaweza kusema, "Huyu si wangu, mpelekeni Makindu," kabla panga halijainuliwa. Na akirudi, kuna muuguzi anayejua tarehe ya sindano.

Ofisa wa probesheni atashuka stesheni ya Kibwezi au pale kwenye barabara kuu, atachukua bodaboda, atafika kwa chifu. Chifu atawaita wazee, na upande wa marehemu pia wataitwa, kama ofisa ni mtu wa kufikiri. Watakaa chini ya mti. Mama Mutua ataulizwa kama ana chumba. Mjane ataulizwa kama ana hofu, naye atajibu ndiyo, ana hofu, na hilo litaandikwa. Ataulizwa pia angetaka nini kifanyike. Huenda akasema dawa ipatikane hapa karibu, na mtu asikose sindano hata mwezi mmoja. Ofisa ataiandika nayo, ingawa kwenye fomu yake hakuna mahali pake.